Waliposema Unafoka

Mwende mwanangu,

Sitakuuliza kama u mzima. Asubuhi nilikusikia ukibamiza mlango, na mgonjwa habamizi mlango namna ile. Mimi pia ni mzima, ila nimekasirika. Nimekasirika tangu Jumapili, na nimechoka kuwaambia wateja kwamba ni vumbi la Kitengela linalonifanya nifikiche macho.

Umeenda Isinya kumuaga rafiki yako, na umesema utarudi jioni. Watu wa chakula cha mchana wameondoka, sahani zimeoshwa, maharagwe ya kesho yako motoni, nami nimeketi kwenye benchi ya nyuma ya hoteli yetu na kalamu niliyoazima kwa mwenye duka la dawa. Mambo ya sanduku na blanketi sitaandika. Wala sitaandika utembee na nani huko chuoni na usitembee na nani. Hayo umeambiwa na kina mama wote wa kanisa, na wengine wamekuambia mara mbili. Nataka kuandika juu ya neno moja tu, maana nililitumia juu yako mbele ya watu, na tangu siku hiyo hunisemeshi ila kwa lazima.

Nitasema yote, hata yale unayoyajua, ili yakae mahali pamoja usije ukayasikia vingine kutoka kwa watu wa baba yako huko Mwala.

Jumapili watu wa ushirika walikuja nyumbani kukuombea kwa sababu unaenda chuo cha ualimu. Tulikuwa tumeazima viti, tumepika pilau, hata nikanunua soda. Baba Mkubwa wako alikuja amevaa lile koti lake la harusi na mazishi. Maombi yakaisha, watu wakasema amina, na kabla chai haijagawanywa akasimama. Nilidhani anataka kukubariki, kwa kuwa baba yako hayupo na yeye ndiye mkubwa wao.

"Sasa huyu mtoto akienda," akasema, "Mama Mwende anabaki hapa kufanya nini? Hii ploti tumepata mtu ya kununua. Bodi ya ardhi inakaa Kajiado wiki ijayo, Alhamisi. Mama Mwende ataenda hapo aseme amekubali, halafu arudi nyumbani Mwala kwa watu wake. Hiyo ndiyo maneno nilikuwa nayo."

Hakuna aliyekuwa ameniambia. Nilikuwa nimeshika trei ya vikombe, na mama mchungaji akaja akanipokea. Ndipo wewe ukasimama.

"Ankol, na heshima yote, hii ploti haiuzwi. Mum amepika hapa tangu nikiwa mdogo. Si ungemuuliza kwanza? Hajakubali kitu."

Mwende, sauti yako ilikuwa ile ile unayotumia kumwambia mteja kwamba mandazi yameisha. Mimi nilikuwa hapo. Hukupaza, hukunyoosha kidole, hata kiti hukukisukuma. Lakini Baba Mkubwa hakukutazama wewe. Alinitazama mimi, akasema polepole, "Mama Mwende, mtoto wako anafoka."

Nami nikasema, "Mwende, wacha kufoka. Keti chini."

Uliketi. Chai hukunywa, pilau hukula, na watu walipokuja kukuaga uliwapa mkono kama mtu anayepokea pole. Jana Baba Mkubwa akatuma neno kwamba kesho asubuhi kabla hujaondoka atakuja akubariki, ila kwanza umwombe msamaha. Nikakuletea hilo neno kama mtu wa posta. Ukaniuliza, "Mum, msamaha ya nini? Ya kukutetea?" Nikakujibu, "Ya kufoka." Na asubuhi ya leo ukabamiza mlango.

Sasa tulizungumze hilo neno. Kupika ni kazi yangu, nimesimama mbele ya moto tangu tulipohamia hapa mwanzo wa miaka ya tisini, kwa hivyo kama kuna mtu anayeweza kusema nini kinachemka na nini kinafoka, ni mimi. Maji yanachemka. Yanapiga kelele kidogo, yanatoa mvuke, unayaacha, yanaendelea na shughuli zao. Hakuna mtu anayekimbia kwa sababu maji yamechemka. Maziwa ndiyo yanayofoka, na uji wa wimbi. Yananyamaza, yanajikunja juu, yanakuja kwa mara moja, na moto unazimika, na jikoni kunanuka mpaka kesho. Mwalimu wangu wa darasa la saba, mwanamume mmoja mkali sana, alitufundisha kwamba mtu naye hufoka: akisema kwa hasira nyingi, maneno yakimtoka kwa nguvu. Nikaandika na kupita mtihani. Kumbe mtihani wenyewe ulikuwa bado.

Kwa maana huku duniani, mwanangu, neno hili halitumiki alivyotufundisha mwalimu. Mimi nimelisikiliza miaka mingi. Mwenyekiti wa soko akipiga meza mpaka soda zinaanguka, watu husema mzee ni mkali. Mchungaji akipaza sauti mpaka mishipa ya shingo inasimama, husema amejazwa. Baba Mkubwa wako akimtukana fundi mbele ya watoto wake, husema mzee ameudhika, mpe nafasi. Lakini mimi nikimwambia dereva wa lori la mchanga, "Ndugu yangu, nisogezee gari, moshi unaingia kwa chakula," ananiambia, "Mama, wacha kufoka." Nimesema ndugu yangu! Na ninajua nimesema, kwa sababu nilikuwa nimejizoesha moyoni kabla sijatoka nje.

Hii ndiyo inayonikera hata naandika kwa kukandamiza kalamu, utaona karatasi imetoboka. Si kwamba wanaume hawa wanalitumia. Ni kwamba na mimi nililishika kama mwiko wa jikoni nikakupiga nalo.

Nikuambie lilipoanza kunipata mimi. Baba yako alipokufa ulikuwa darasa la nne. Unakumbuka mazishi, lakini huwezi kukumbuka vikao, kwa sababu watoto mlikuwa mmepelekwa kwa jirani. Baba yako alitaka azikwe hapa. Hakuandika popote, ila alinionyesha. Tulikuwa tunapogoa ule ua wa michongoma, amerudi kutoka zamu ya usiku kwenye kiwanda cha saruji, nyusi bado nyeupe, akasema, "Mimi mniweke hapa, upande huu, nisikie masufuria yako." Nikamwambia aache mambo ya kipuuzi. Alicheka akaendelea kukata miiba.

Basi kwenye kikao cha kwanza cha matanga, ndani ya nyumba hii hii, wazee wa Mwala wakasema gari litatoka mochari moja kwa moja mpaka nyumbani. Nyumbani kwao, wanamaanisha. Nikainua mkono kama mtoto wa shule. Nikasema marehemu alitaka alale Kitengela. Nililisema mara moja, na nililia nikisema. Baba Mkubwa akaniambia, "Shemeji, wacha kufoka. Watu wanaomboleza."

Nikanyamaza. Mimi mjane, nikaona haya, kana kwamba ni mimi niliyeharibu msiba. Wanawake wenzangu wakanivuta jikoni, mmoja akaninong'oneza, "Funika kombe mwanaharamu apite." Nikafunika. Baba yako akazikwa Mwala, kwenye ule mteremko wa mawe, nami nikarudi hapa nikapika.

Wewe hujui kwa nini hilo lina uzito, maana mlizaliwa wakati watu wamechanganyika, Mkamba anakaa na Mkikuyu na Mmaasai, na kila mtu ana geti lake. Lakini kwa wazee wa baba yako, mahali pasipo na kaburi si boma. Ni kama chumba cha kupanga. Ukiwaonyesha nyumba, hoteli, tangi la maji, watasema sawa, lakini mtu wenu amelala wapi? Jumapili hiyo hiyo, baada ya wewe kuketi, Baba Mkubwa alisema mbele ya kila mtu, "Hapa hakuna hata kaburi moja letu. Tunashikilia nini?" Nikaona kikao cha matanga kimenifuata mpaka leo. Nilifunika kombe, naam, lakini mwanaharamu hakupita. Aliketi akaomba chai.

Hati ya ploti ina majina mawili, la baba yako na la ndugu yake, kwa sababu siku hizo hakuna aliyefikiri ndugu ni mtu wa kuogopwa. Kazi ya kununua ilikuwa ya baba yako na kazi ya kuandika ilikuwa ya ndugu yake. Kwa hivyo hawezi kuiuza mpaka mimi nisimame mbele ya bodi nimjibu mwenyekiti kwamba nimekubali. Ndiyo sababu anataka uende ukiwa umenyenyekea. Ukiwa chuoni, na umekwisha kuomba msamaha, mimi nitabaki peke yangu na koti lake.

Kuna jambo lingine ambalo ningependa kuliruka, lakini nikiliruka utasema najipaka mafuta.

Mwezi ule baada ya mazishi, nilikuacha na sufuria la maziwa nikaenda kuteka maji. Ulikuwa unasoma kitabu. Maziwa yakafoka, yakazima moto, nusu ikamwagika. Niliporudi nilikupigia kelele mpaka wateja wawili wakaacha chai wakaondoka. Nilikuita majina ambayo sitayaandika. Nilikuambia baba yako amekufa na wewe hujali. Ulikuwa umesimama na kile kitabu kifuani, na hukulia, na kutokulia kwako kulinizidisha hasira. Hiyo, Mwende, ndiyo iliyokuwa kufoka. Ile aliyotufundisha mwalimu. Yote niliyowanyamazia wazee wa Mwala yalikuja kukumwagikia wewe, uliyekuwa huwezi kunijibu. Na unajua waliokuwa hapo walisema nini? Hakuna aliyeniambia, "Mama Mwende, unafoka." Walisema, "Mama anafunza mtoto."

Nimelifikiria hilo siku nyingi. Ukimpigia kelele mdogo, unafunza. Ukimwambia mkubwa hapana kwa sauti ya chini, unafoka.

Aliyenionyesha hayo kwa macho ni Mama Sision, yule anayetuletea maziwa. Mwaka jana mume wake alitaka kuuza sehemu ya malisho karibu na kisima. Mama Sision akaja hapa asubuhi, akaweka mtungi chini, akaniita Mama kwa lugha yake: "Yeyo Mwende, Kiswahili yangu si mzuri. Twende wote Kajiado. Wewe ukae tu karibu na mimi." Nikafunga hoteli nikaenda. Nilidhani anataka nimtafsirie.

Hujawahi kuona bodi ikikaa. Ni chumba kirefu chenye benchi, na watu wengi, wengi sana, waume mbele wakiwa wameshika bahasha, wake nyuma wamevaa vizuri. Jina linaitwa, mume anasimama, anaulizwa, anajibu. Kisha mke anasimama, mwenyekiti anamuuliza, "Mama, umekubali?" Na mama anasema ndiyo. Haichukui muda. Niliwaona wanawake kumi hivi wakisema ndiyo, wengine kabla swali halijaisha, na mmoja alikuwa anamnyonyesha mtoto hata hakuinua kichwa. Yule mwenyekiti hakuwa mtu mbaya. Aliuliza alivyotakiwa kuuliza. Ni kwamba jibu lilikuwa limeshatolewa nyumbani.

Mama Sision alipoitwa akasimama na shanga zake zote, akajibu kwa Kimaasai kwanza, kisha kwa Kiswahili, "Mimi sijakubali. Ng'ombe itakunywa maji wapi?"

Basi. Hakuongeza. Alisema chini chini hivi kwamba mzee aliyekuwa nyuma yetu aliuliza jirani yake, "Amesema nini?" Mwenyekiti akauliza tena, naye akarudia vile vile, na ile faili ikawekwa kando. Tulipotoka nje, kwenye kivuli cha ukuta, wanaume walikuwa wamesimama wakizungumza. Na yule yule mzee aliyekuwa hakusikia ndiye aliyekuwa akiwaeleza wenzake: "Huyo mama amefoka! Amefokea mzee yake mbele ya bodi yote!"

Nilitaka kumrudia nimuulize aliwezaje kusikia mfoko wakati hakusikia neno. Mama Sision akanishika mkono akasema tumechelewa, maziwa ya jioni hayajakamuliwa.

Sitakudanganya kwamba aliimba nyimbo za ushindi. Mume wake alikataa chai ya mkono wake mpaka mvua zikanyesha. Mashemeji walimpita njiani bila salamu. Sehemu nyingine, ile ya upande wa barabara, iliuzwa baadaye, na hiyo hakuweza kuizuia. Lakini ng'ombe wanakunywa pale pale kisimani, na kila asubuhi anakuja na mtungi ananisalimia, "Takwenya," nami naitika, "Iko," na hakuna hata siku moja amesema anajuta. Nilirudi siku ile nikamsifu sana. Nikamsifu kwa kila mtu aliyeketi kwenye benchi zangu. Halafu mtoto wangu mwenyewe akasema maneno yale yale kwa ajili yangu, nikamwambia aketi.

Unaona kwa nini nimekasirika? Ningekuwa nimekasirikia Baba Mkubwa peke yake ningelala usingizi.

Ngoja. Kuna mtu ananiita kwenye mlango wa mbele.

Nimerudi. Maharagwe yameungua chini kidogo, nimeyahamisha. Mwandiko wangu utakuwa umebadilika, nivumilie.

Alikuwa ni Baba Mkubwa wako. Hakurudi Mwala, amelala kwa binamu yake hapo karibu na kichinjio. Ndani kulikuwa na vijana wawili wa kupakia mchanga niliowapa chapati katikati ya kuandika, wanazimalizia. Akaketi, akavua kofia, akaomba chai. Nikamletea.

"Mama Mwende, mtoto ametulia?"

"Ametulia, Mzee."

"Basi mwambie kesho asubuhi ni maneno mawili tu. Nisamehe, Ankol. Mimi sina kinyongo. Nitambariki aende na amani, na sisi tukutane Kajiado Alhamisi."

Nilikuwa nimesimama na ile nguo ya kupangusia meza. Sikuwa nimepanga kitu, Mwende. Labda ni kwa sababu nimekuwa nikiandika mchana kutwa, na maneno yalikuwa karibu.

"Mzee, mtoto hataomba msamaha."

"Amesema hivyo?"

"Hapana. Hajui kama umekuja. Ni mimi nasema. Hakufoka. Aliuliza kama nimekubali, na hilo ni swali ungeniuliza wewe. Na Alhamisi nikiulizwa, nitasema sijakubali."

Akaweka kikombe chini. Akacheka kidogo, akawatazama wale vijana kama anayewaomba wamsaidie kunionea huruma. "Mama Mwende, wacha kufoka. Watu wanakula."

Kijana mmoja akasema, "Sisi tumemaliza, Mzee," akainama kwa sahani. Nilitamani kumkumbatia.

"Mzee, mimi naongea tu," nikamwambia. "Kama hii ni kufoka, basi uite hivyo. Lakini jibu ni hilo."

Alivaa kofia yake, akaiweka sawa, akasimama. Kisha akaniambia kwa upole kabisa, kama mtu anayeuliza bei ya nyanya, "Sawa. Lakini siku ukikufa, shemeji, usitutafute. Utafute hao watu wa Kitengela wakuzike. Na mtoto wako, siku akiletewa wazee wa posa, atafute ukoo mwingine wa kumketia."

Akatoka. Hakupaza sauti hata kidogo, na sijasikia mtu akisema amefoka.

Niliketi kwa benchi ya wateja. Usifikiri mama yako amekuwa simba. Nililia hapo hapo mbele ya wale vijana, na mmoja akaenda akazima jiko la mafuta bila kuambiwa. Nilichoogopa miaka yote ni hicho hicho alichosema. Si ploti. Nilikuwa naogopa kuwa mtu asiye na watu. Ukitaka kujua kwa nini nilinyamaza kwenye matanga, na kwa nini nilikuambia uketi, ni hiyo sababu, na sina nyingine iliyo nzuri zaidi. Sasa imesemwa kwa mdomo, nami bado niko hapa napepeta mchele wa kesho.

Kwa hivyo ujue jinsi mambo yalivyo. Kesho hatakuja. Utaondoka bila baraka za upande wa baba yako, na siku ya posa yako, ikija, huenda kiti cha ukoo kikakaa wazi. Hayo nimekuamulia bila kukuuliza, kama yeye alivyoniamulia mimi, na una haki ya kuniudhikia kwa hilo pia. Ukiniudhikia, niambie. Usiende nalo chuoni ukalimwaga kwa mtoto wa watu mnayelala naye chumba kimoja, au, baada ya miaka, kwa darasa la watoto wadogo waliomwaga wino. Niliyafanya hayo, najua yanavyoanza.

Sikuambii uwe mkali. Kuna watu watakaokuambia hasira hasara, na mara nyingi watakuwa wamesema kweli. Hata mimi naomba ujifunze kungoja, kwa sababu una ulimi wa baba yako, naye aliwahi kuhamishwa zamu kwa ajili ya ulimi huo. Ninachokuambia ni kwamba mtu akikuambia unafoka, usikimbilie kuomba msamaha. Kwanza jisikilize. Kama umemtukana mtu, au umemwonea aliye chini yako, basi umefoka, omba msamaha hata kama hakuna aliyekulaumu. Kama umesema hapana tu, kaa na hapana yako. Wataiita jina wanalotaka. Usikubali jina hilo likukalishe chini, hata kama anayelitamka ni mama yako.

Na kwa lile la Jumapili, mimi ndiye ninayeomba msamaha. Nisamehe, Mwende. Ulisimama kwa ajili yangu nami nikakuketisha mbele ya watu wote waliokuja kukuombea. Nitasema hivyo kwa mdomo ukirudi jioni, lakini najijua, naweza kuanza kukuuliza kama umekula, kisha ikaishia hapo. Ndiyo maana nimeliandika.

Alhamisi Mama Sision amesema tutaenda naye. Nilimtumia mtoto wa jirani sasa hivi, akajibu kwamba atakaa tu karibu nami. Jina langu litaitwa, nitasimama, nitaulizwa. Tangu Baba Mkubwa aondoke nimekuwa nikilisema hilo neno hapa jikoni, peke yangu: Sijakubali. Sijakubali. Mara ya kwanza halikutoka kabisa. Sasa linatoka, ila sauti inatetemeka. Nimeamua nisingoje mpaka iache kutetemeka. Nitaenda nayo hivyo hivyo.

Aliyekukosea na anayekupenda,
mama yako,
Kalekye.